Udongo Juu ya Bati

Watu walinisifu mimi fundi, lakini kusema kweli kilicholeta wateja ni mkono wa kulia wa mke wangu. Mimi nilikanyaga cherehani, yeye alishona matundu ya vifungo kwa sindano ya mkono. Kaptula ilichakaa mpaka matako yakaonekana, tundu la kifungo bado zima. Nimeishia darasa la pili, tena ni mzee, kwa hiyo mkiona nazunguka, vumilieni.

Kwetu Mwankoko tuliishi kwenye tembe. Ukuta mnene, juu udongo, jua liwake litakavyo, ndani umekaa kama maji ya mtungini. Tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, barabara ya kwenda Iguguno. Sisi wa kushona tukapewa chumba cha bati, tukapigiwa makofi mkutanoni. Nilivimba kichwa. Wiki ya pili nilishalichukia bati lile.

Saa sita mchana humo ndani hukai. Tukajaribu kushonea nje, upepo ukatujazia vumbi kwenye cherehani, na huo upepo wa Singida mnaujua. Pasi ya mkaa tukaitoa kabisa. Mke wangu akalowesha kaniki, akaining'iniza dirishani, ubaridi ukawa unaingia kidogo. Lakini maji yalichotwa mbali, na wanawake wenzake wakaanza kumsema: "Sisi hatuna ya kunywa, mwenzetu unanywesha dirisha!" Akaianua. Alikuwa mtu wa haya.

Siku moja jasho likatelezesha sindano, ikamwingia chini ya ukucha. Akafunga kidole kwa kitambaa, akasema, "Mume wangu, humu sirudi. Sitaki kubanikwa."

Nikaogopa. Bila mkono ule mimi ni fundi wa viraka tu. Nikawaza: tembe linapoa kwa sababu ya udongo. Basi na bati nalo livishwe udongo! Siku mbili nilipandisha udongo wa kichuguu kwa karai. Jirani yangu, Mnyiramba, mtani wangu mkubwa, akasimama chini akicheka.

"Fundi, unapanda mtama huko juu?"

"Napanda baridi. Ukija kuomba nitakunyima."

Mke wangu hakucheka. Aliangalia zile boriti. "Tembe lina nguzo nene kama vinu. Hivi ni vijiti."

"Wewe kaa ushone," nikamwambia.

Na kweli pakapoa. Alirudi, tukashona sare za shule wiki tatu kama watu, akawa hata anaimba nyimbo za Kinyaturu. Mimi nikawa naita wapita njia waingie waonje baridi yangu.

Mvua ya kwanza ikaja mchana. Sisi huku mvua ya kwanza tunatoka nje kuinusa, nami nikatoka, nikasimama mdomo wazi kama mjinga. Udongo ulikuwa unakunywa maji. Nikasikia boriti zinalia. Nikamwita.

"Limebaki tundu moja," akajibu kutoka ndani.

Paa likashuka upande wake. Tulimtoa mzima, ila mkono wa kulia ulikuwa umebanwa juu ya meza ya cherehani. Hospitali walifanya walichoweza. Vidole vitatu havikukunjika tena.

Kijiji kikatuezekea chumba kwa nyasi. Nyasi zinapoa, kila mtu anajua. Hata mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Niliona aibu kuomba nyasi baada ya kupigiwa makofi ya bati. Hilo sikumwambia mke wangu mpaka anafariki, nalisema hapa kwa mara ya kwanza.

Matundu nikawa nashona mwenyewe. Yalifumuka, wateja wakapungua mmoja mmoja. Yeye alikaa pembeni yangu kila siku, akiipokea nguo kwa mkono wa kushoto, akipapasa tundu kwa kidole gumba.

"Hapa kaza," ananiambia.

Nakaza, linafumuka. Na chumba kilikuwa baridi kweli.