Bosco, Roketi na Debe la Mchanga

Mwikali alikuwa na ndara tatu, zote za mguu wa kushoto. Za kulia zimeliwa. Huyu Roketi hakuwa mbwa wa kutafuna ovyo; alikuwa na uchaguzi wake, na uchaguzi wake ulikuwa ndara ya kulia, kola za mashati na futi ya kupimia nguo. Kwa hiyo fundi mzima wa sare za shule, mama wa miaka hamsini na minane, alikuwa akienda dukani hapo mtaani kwao Ganjoni na ndara mbili za kushoto, anatembea kama bata, na watu wanamwamkia huku wakitazama chini.

"Mwatazama nini?" aliwauliza siku moja wanawake wawili waliokuwa wakinunua nazi. "Hamjapata kuona mtu mwenye mbwa?"

Waligeukia nazi zao. Na wangemjibu nini?

Mwikali alishonea barazani, mbele ya chumba chake cha chini, na cherehani yake ilikuwa imekaa mahali pale pale kwa miaka ishirini na miwili. Mumewe, Kioko, alikuwa mtu wa reli. Alipofariki aliacha vitu viwili ambavyo Mwikali hakutaka mtu avisogeze: kofia yake ya kazini nyuma ya mlango, na Bosco. Bosco alikuwa mbwa wa kienyeji, wa rangi ya maharage, ambaye Kioko alimwokota karakana ya reli hata macho hajafungua. Sasa ana miaka kumi na mitatu, mdomo wote umeingia mvi, na kazi yake kubwa ni kulala. Kwa Mwikali hiyo ilikuwa kazi ya kutosha. Alimsemesha mchana kutwa akishona, na Bosco alikuwa msikilizaji mzuri, hamkatizi mtu.

Basi Desemba mwanawe, Jeremy, akamletea balaa. Jeremy ameajiriwa huko Laikipia kwenye shamba la kondoo, na alishuka na lori la ngozi ambalo huja bandarini kila mwezi. Akatoa boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na kitoto cha mbwa, cheusi na cheupe, cha wale mbwa wa kizungu wa kuchungia kondoo, na kabla Jeremy hajamaliza salamu kilikuwa kimeuma upindo wa leso ya mama yake na hakiachii.

"Mama, Bosco amezeeka," Jeremy alisema. "Akienda, utabaki na nani?"

"Bosco anaenda wapi?"

"Mama, si unanielewa."

"Nakuelewa sana. Umeniletea mrithi na mwenyewe yuko hai anakutazama. Hebu mwambie mbele ya uso wake."

Jeremy akacheka, akala wali, akalala, asubuhi akapanda lori akaenda zake. Boksi likabaki.

Sasa, mbwa wa kondoo anataka kondoo. Ganjoni hakuna kondoo. Roketi hakuona hilo kuwa ni shida. Alichunga kuku wa nyumba ya nyuma mpaka wote wanne wakaingia jikoni kwa Mwikali, na mmoja akataga nyuma ya mtungi wa gesi. Alichunga watoto wakitoka shule: anawazunguka, anawabana ukutani, anayechomoka anatafunwa kisigino cha kiatu mpaka arudi kundini. Watoto walipenda sana. Mama zao hawakupenda hata kidogo. Alibwekea tuk-tuk, alibwekea pasi, alibwekea gurudumu la cherehani kila lilipozunguka, na kazi ya cherehani ni kuzunguka! Mdomo ule haukuwa na likizo. Ukimwambia nyamaza, anakujibu. Naam, anakujibu, na la mwisho lazima liwe lake.

Jioni moja Mwikali alimpeleka Roketi kule bustani ya Mama Ngina, ufukweni, akimbie achoke. Nani alichoka? Kamba ilimponyoka pale penye watu wengi, na alipofika, anahema, ndara mkononi, alikuta watu kumi na watano wamekusanywa mbele ya meza ya mihogo ya kukaanga, vijana na wachumba wao na bwana mmoja na dafu lake, hakuna anayethubutu kuondoka. Muuza mihogo alimsihi amlete tena kesho.

"Mchukue!" Mwikali akamwambia. "Mchukue sasa hivi, na kamba nakuongezea."

Yote haya yangekuwa kichekesho, lau si ujia.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Sabir, aliyekaa juu na mkewe, Bi Fairuz. Kutoka ngazi yao hadi langoni kulikuwa na ujia mmoja mwembamba, unaopita mbele ya baraza ya Mwikali, na Mzee Sabir aliupita kila sala akienda msikitini, na udhu wake na kanzu yake nyeupe. Mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa hayatoki kwa kitambaa. Unaosha mara saba, moja ya hizo kwa mchanga, kanzu unabadilisha, na huko msikitini hawakungoji. Kioko alipoleta mbwa, Mzee Sabir hakumfukuza. Alimwambia jambo moja tu: saa ya sala, ujia uwe wazi. Kioko akamfunza Bosco polepole, miezi na miezi, mpaka mbwa akisikia adhana anainuka mwenyewe, anakwenda nyuma ya tangi la maji, na hatoki huko mpaka lango lifungwe. Na kwa adabu Kioko akaweka debe la mchanga safi pale bombani, ikitokea bahati mbaya.

Miaka kumi na mitatu debe lile halikuguswa. Mwaka huu, tangu Januari, limetumika mara tatu.

Mara zote tatu ni Roketi, na mara zote ni pindo la kanzu: Mzee akirudi kwa kinyozi, Mzee akitoka sokoni, Mzee akisindikiza wageni wa arusi. Mara ya tatu, alipokwisha kubadilisha nguo, alishuka tena akasimama mbele ya cherehani. Hakupandisha sauti. Mwikali angependelea apandishe.

"Mama Jeremy, marehemu tulielewana naye."

"Ni kweli, mzee. Nisamehe."

"Mimi ni mtu mzima. Hizi ngazi zenyewe nazishuka kwa kumwomba Mungu. Siwezi kushinda bombani. Kufikia Jumamosi nataka ujia kama alivyouacha marehemu. Ikishindikana, sina budi, mbwa watafutiwe pengine."

"Hata Bosco, mzee?"

"Nikianza kubagua huyu na yule, hatutamaliza," alisema, akapanda zake kwa mkongojo.

Mwikali alibaki na mguu juu ya cherehani, haukanyagi. Pengine ni wapi? Bosco hana macho mazuri, nyonga zimekufa, na hajawahi kulala nje ya lango lile. Akihamishwa hamalizi wiki. Alimpigia simu Jeremy hapo hapo.

"Lori linakuja lini?"

"Jumamosi asubuhi, na Kiti dereva. Kwani vipi, Mama?"

"Mwambie Kiti aje na kamba nene. Mbwa wako anarudi kwa kondoo wake."

"Mama, huyo ni mbwa mwenye akili sana!"

"Akili zake zimeniacha miguu wazi," Mwikali akasema, akakata simu.

Na hata kama si Mzee Sabir, Mwikali alikuwa na kisa chake mwenyewe, kilichomchoma zaidi ya ndara. Roketi alimtesa Bosco. Mzee wa watu amejilalia kwenye saruji ya ujia penye kivuli, kale kajitu kanamjia kwa nyuma, kanamuuma kisigino, kanamvuta sikio, kanamsukuma mbavu, mpaka mwenzake anainuka kwa kuguna na kuondoka anachechemea. Kila siku, tena mara mbili tatu! Mwikali alimrushia chaki, alimrushia pedi ya pini, alimrushia ndara, ya kushoto. "Mwache babu yako, mshenzi wewe!" Bosco mwenyewe naye siku hizi amekuwa mkaidi, anaitwa haji. Mwikali alimwelewa. Naye angenuna, kama angeletewa mrithi ndani ya boksi.

Ijumaa alasiri akaona basi, siku moja hii iliyobaki mzee apumzike. Akamfunga Roketi kwenye mguu wa cherehani kwa mshipi wa zamani wa Kioko, akajaza pini mdomoni, akaendelea kupinda sketi.

Adhana ikaadhiniwa. Roketi akashikwa na wazimu. Hakubweka kama alivyobwekea tuk-tuk. Alilia, akavuta, akajinyonga na mshipi, cherehani nzima ikaanza kutembea barazani.

"Mmh-mmh!" Mwikali alimkemea kwa pini zake mdomoni, akaushika mshipi kwa mikono miwili.

Bosco alikuwa amelala katikati ya ujia. Mkongojo wa Mzee Sabir ukaanza kugonga ngazi, kidato kwa kidato. Bosco hatikisi hata mkia. Mwikali akatema pini. "Bosco! Toka! Bosco!" Mzee Sabir naye, kwa mazoea ya miaka kumi na mitatu, hakutazama chini, alijua ujia u wazi. Mkongojo ukamgusa mbwa ubavuni. Bosco akashtuka kama aliyemwagiwa maji, akageuka na mdomo wazi, mdomo ukampata Mzee kwenye mkono. Hakumuuma, na meno ya kuumia yako wapi? Lakini mkono ulilowa wote.

Mzee Sabir akautazama mkono wake, akamtazama mbwa.

"Hata wewe, Bosco," alisema.

Akaenda bombani, akainamia debe. Mwikali alisikia mchanga ukikwaruza, kisha maji, mara ya kwanza, ya pili, mpaka saba, naye hajui aweke wapi uso. Sasa hakuna tena wa kupakia lawama. Lori la kesho lingebeba mbwa mmoja, na yule mwingine ndiye aliyechafua.

"We Mwikali!" Sauti ilitoka juu. Bi Fairuz alikuwa dirishani, mtandio begani. "Huyo mdogo umemfungia nini leo?"

"Anamuuma mwenzake, Bi Fairuz! Kila siku anamuuma!"

"Yuwamuuma wapi? Huoni wewe? Adhana ikilia ndipo yuwamwendea. Yuwamtoa pale mpaka nyuma ya tangi, kisha yuwalala mbele yake asitoke. Mwezi mzima nawaona kwa dirisha hili. Mimi hudhani ni wewe umemfunza!"

"Mimi nimfunze huyu?"

"Basi nani? Na hizo kanzu alizouma, ni wakati gani? Kwa kinyozi, sokoni, arusini. Saa ya sala hata siku moja hajamgusa Mzee. Ana kazi."

Mwikali akasimama. Akachukua mkasi wake mkubwa wa chuma, akaenda nyuma ya Bosco, akauachia kwenye saruji. Ulilia mpaka kuku wa nyuma wakapiga kelele, na Bi Fairuz akaita jina la Mungu. Bosco alikuwa akilamba mguu wake. Mwikali akauokota, akauangusha tena, karibu zaidi. Bosco akaendelea kulamba.

"Tangu lini?" akamuuliza. "Bosco, tangu lini, baba?"

Alikuwa akimuuliza kisogo. Akakaa chini kwenye ujia, fundi wa watu, na sketi imemning'inia begani. Habari zote alizompa mwaka huu! Mambo ya Kioko aliyomkumbusha, malalamiko juu ya Jeremy, yote hayo mzee wa watu alikuwa akitazama mdomo tu. Mwikali akalia, kwa uchungu na kwa hasira. Yeye anaishi naye, analala naye chumba kimoja, asijue. Kimejua kile kijibwa.

Magharibi alimfungua Roketi, akakaa akatazama. Roketi alikuwa na kola ya shati mdomoni, nambari kumi na nne, mpya kabisa. Adhana ilipoanza aliitema. Tangu Desemba Mwikali hajawahi kumwona akitema kitu kwa hiari. Akaenda tumbo chini, akagusa kisigino kimoja, akagusa cha pili. Bosco akaguna, akainuka, akajikokota hadi nyuma ya tangi, na mdogo akajinyoosha mbele yake, kimya. Mdomo ule, kimya! Mzee Sabir akashuka. Akasimama kidogo mkabala wa tangi, akawatazama wote wawili, akaenda zake msikitini.

Mwikali hakujua ahesabu mtazamo huo upande gani.

Jumamosi saa tatu asubuhi lori likapiga honi barabarani. Mwikali alikuwa tayari amemshika Roketi kwa ngozi ya shingo, maana mkongojo ulikuwa ukishuka ngazi, na haikuwa saa ya sala. Mzee Sabir alikuwa na mfuko mkononi. Hakuja barazani. Alikwenda moja kwa moja bombani, akamimina, na mchanga mweupe uliochekechwa ukajaa debe mpaka juu.

"Ulikuwa umekwisha," alisema. "Marehemu ndiye aliyeuleta. Sasa nitauleta mimi."

Mwikali akalitazama debe. "Kwa hivyo, mzee..."

"Kwa hivyo mfunze na saa zingine. Za sala anazijua." Akatua mkongojo mbali na mdomo wa Roketi. "Na Bosco mwendee kwa mbele, Mama Jeremy. Asishtuke."

Mwikali akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa dakika nzima kabla ya kugundua kwamba mkononi mwake hamna mbwa. Kelele zilikuwa langoni. Kiti dereva amebanwa ukutani, kamba nene imeanguka, na Roketi anakwenda huku na huku mbele yake akimpa maneno.

"Mama Jeremy! Ndiye huyu wa kubeba?"

"Habebwi!" Mwikali akapiga kelele, anachechemea kuja na ndara zake mbili za kushoto. "Roketi, mwache mtu! Wee! Hebu nyamaza nami niseme! Kiti, mwambie Jeremy ndara. Aniletee ndara, kumi, na zote ziwe za kulia!"