Mlisha nguruwe anayesubiri karatasi ya kumbeba mjukuu

Saa kumi na mbili asubuhi, banda la tatu lina kelele za mnada. Nguruwe zaidi ya thelathini wamepandisha miguu ya mbele kwenye ukuta wa kihori, kila mmoja anadai aanze yeye. Mwanamke mwenye ndoo hawajibu. Anachota chakula kidogo kwa vidole, anakipeleka mdomoni, kisha mkono unakwama hewani.

"Umeona?" anasema kwa hasira, akikirudisha chakula ndooni. "Siku ya arobaini na saba leo, na mkono bado hausikii!"

Ana miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwepesi, na hakai akatulia. Ukizungumza naye anafagia. Ukimwomba aketi, anaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anasema sentensi moja na nusu, anainuka kwenda kumtazama nguruwe aliyepiga chafya. Mwandishi aliyetaka mahojiano ya utulivu alishika fagio naye nje ya geti, akahoji akifagia.

Hapa shambani wanamwita Kijiko. Jina hilo limetokana na kazi yake: kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyepima dawa ya unga na kuichanganya na chakula cha nguruwe wote, vijiko vitatu kwa kila ndoo, asubuhi na jioni.

Dawa yenyewe ni antibayotiki. Mgonjwa alikula, mzima alikula, aliyezaliwa juzi akaachishwa ziwa jana alikula. "Kinga ni bora kuliko tiba" imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa stoo, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mwenye kuisema methali hiyo mara ya kwanza alikuwa anazungumzia unga wa dawa.

Sasa, unga ule ni mchungu. Usipokorogwa vizuri unatuama chini, nguruwe wa kwanza wanapata chakula kitupu na wa mwisho wanapata dawa tupu. Kijiko alibuni njia yake ya kupima: kuonja. Ncha ya ulimi tu, juu ya ndoo, katikati, halafu chini. Uchungu ukiwa sawa kotekote, kazi imekwisha.

"Mpishi haonji?" anauliza. "Mimi nilijiona mpishi hodari, na Tajiri alinisifu mbele za watu. Kumbe najikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe."

Tajiri ni mwenye shamba. Wafanyakazi wote wanamwita hivyo, naye anaitika.

Miezi mitano iliyopita, binti wa pekee wa Kijiko alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Mume wa binti ni dereva wa malori ya masafa marefu, hakuwepo. Kijiko akafanya linalofanywa na mama yeyote. Kila alipotoka kazini alipitia kwa bintiye, akapika, akafua, akambeba mjukuu mpaka akalala, akambadilishia mwanawe bendeji ya mshono.

Siku ya tisa mshono ukaanza kutoa usaha.

Dawa ya kwanza ya hospitali haikufua dafu. Ya pili ilimtapisha tu. Ya tatu ikaingizwa mshipani, homa ikashuka siku mbili, ikapanda tena. Kidonda kilifunguliwa na kusafishwa mara mbili. Binti alilazwa siku thelathini na nne, mtoto akinywa maziwa ya kopo kwa jirani, na Kijiko akiwa kwenye benchi la wodi roho mkononi.

Maabara ikaleta jibu: bakteria sugu, wale waliozoea dawa hata dawa haiwatishi tena. Ilibaki aina moja tu ya sindano ya kujaribu. Hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Lakini kabla ya hapo muuguzi alikuja na swali. Nani nyumbani anafanya kazi na mifugo?

"Nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule," Kijiko anakumbuka. "Nikasema mimi, nguruwe! Tena kwa kujivunia. Nilidhani anatafuta mtu wa kumletea nyama."

Wakampitisha kijiti cha pamba puani. Majibu yalipotoka, bakteria wa aina ile ile walikuwa wamejikalia humo puani, kimya, bila kumletea hata mafua. Daktari alimweleza pole pole. Nguruwe anapokula dawa kidogo kidogo kila siku, bakteria wanyonge wanakufa, wabishi wanabaki. Wabishi wanazaana. Wanamhamia anayewalisha, na yeye anawapeleka kwa anayemgusa. Daktari hakuapa kwamba ndiye aliyemwambukiza binti yake, ila hakumficha kwamba bakteria wao wanafanana mno.

Kijiko alipofika kwenye habari ya kuonja, daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, umekula dawa ya nguruwe miaka kumi na minne?"

"Kwa ncha ya ulimi tu, daktari."

Anasimulia haya akicheka, halafu kicheko kinakatika. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. "Mtoto wangu mmoja. Nimemlea kwa jasho la nguruwe, halafu karibu nimzike kwa nguruwe hao hao."

Binti yake, fundi wa kushona, anazungumza kwa sauti ndogo na hazungushi maneno. "Sijawahi kumchukia mama. Ila mwili wangu ulikuwa unamwogopa. Akiingia wodini, mshono unashtuka." Alipotoka hospitali aliweka sharti moja: mama asimguse mtoto mpaka alete karatasi za maabara, mbili mfululizo, zinazosema ni msafi.

"Nilimbeba siku tisa," anasema Kijiko. "Tangu hapo namtazama kama picha ya ukutani. Ameota meno mawili, sijayagusa."

Alitibiwa. Mafuta ya kupaka puani, sabuni maalumu ya kuogea mwili mzima, siku tano. Karatasi ya kwanza ikatoka safi, akapiga vigelegele pale pale dirishani pa maabara, wagonjwa wakadhani amepata mchumba. Akarudi kazini. Karatasi ya pili ikasema wamerudi.

Watu wengi walimwambia aache kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mshahara wake wa mwezi unanunua mifuko tisa ya chakula cha nguruwe, na kwa huo analipa pango na kumsaidia bintiye tangu cherehani iliposimama. Lakini ana jibu jingine, na hili analitoa akiwa ameacha kufagia.

"Nikiacha mimi, ataingia mama mwingine, naye ana binti."

Akamwendea Tajiri. Wafanyakazi wawili waliokuwepo wanasema hawakuwahi kumwona akisimama mbele ya mtu yule bila kushika kitu mkononi.

"Unataka kunifilisi, Kijiko?" Tajiri aliuliza. Si mtu mbaya. Ni mtu mwoga, na woga wake una sababu: mwaka mmoja kabla ya unga kuanza, alifukia vitoto sitini vya nguruwe kwa wiki moja.

"Nataka banda moja tu, Tajiri. Moja."

"Na wakifa?"

"Wakifa zaidi ya wanne kabla ya kuuzwa, rudisha unga wako. Mimi nitaondoka bila kusukumwa."

Banda la tatu likafagiliwa, likasuguliwa, likapakwa chokaa, likaachwa kavu wiki tatu. Ndipo hesabu ya siku arobaini na saba ilipoanza: vikaletwa vitoto arobaini kutoka kwa mfugaji asiyetumia unga, vilivyonyonya wiki nane badala ya nne. Kila chumba cha banda kikapunguziwa idadi. Kati ya wafanyakazi, Kijiko peke yake ndiye anayeingia, kwa buti na ovaroli zisizotoka humo, barakoa usoni. Anafagia mara nne kwa siku na kubadilisha matandiko kila yanapolowa. Mgongo unamuuma tangu wiki ya kwanza. Akitoka anaoga hapo hapo shambani, ndoo mbili, sabuni mpaka kwenye nyusi.

Nguruwe watatu wamekwisha kufa, wawili kwa kuhara na mmoja kwa kichomi. Amebakiwa na nafasi moja.

Na yeye mwenyewe, baada ya kurudia dawa za puani, amepimwa tena. Karatasi ya kwanza ni safi. Ya pili inatoka Alhamisi.

Ndiyo maana asubuhi hii, kelele za kihori zilipotulia, alihesabu migongo, akahesabu tena. Iko thelathini na sita badala ya thelathini na saba. Jike mmoja mwenye sikio lililochanika amelala pembeni, anahema haraka haraka, hataki hata kuinua kichwa.

"Basi," anasema. "Basi, basi, basi." Anaingia, anamgusa mbavuni, anatoka, anaingia tena.

Mlishaji wa mabanda mengine mawili, mwanamume wanayemwita Redio kwa sababu hazimwi, anasimama nje ya geti. Haruhusiwi kuvuka.

"Dada, yule kesho haamki," anasema.

"Nyamaza."

"Mimi nakuonea huruma. Kopo liko pale pale stoo. Kijiko kimoja kwa kila ndoo, siku mbili tu, unawaokoa wote na kazi yako juu. Mimi sijaona, wewe hujaona."

"Pua yangu itaona."

"Pua itajuaje?"

"Wee Redio! Ilijua mara ya kwanza, niliporudi kwenye unga nikidhani nimepona. Nenda kalishe nguruwe wako."

Redio anaondoka akinung'unika kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kijiko hafichi. Ameshampigia simu daktari wa mifugo, mara tatu kwa dakika kumi.

Anafika kwa pikipiki saa tatu, kijana mwenye begi la turubai. Anampima jike joto, anasikiliza mapafu yake kwa muda mrefu, huku Kijiko akipokezanisha miguu kama anayekanyaga makaa.

"Huyu anaumwa kweli," daktari anasema. "Huyu apewe dawa. Sindano leo, kesho na keshokutwa, akae peke yake."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wengine wana kosa gani?" Anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anapima mara mbili. "Antibayotiki siyo adui, mama. Ubaya ni kuigawa kama pipi. Ukiimaliza kwa wazima, mgonjwa atapewa nini?"

Jike anachomwa, anapiga ukelele mmoja dhaifu, anahamishiwa chumba cha mwisho chenye majani makavu. Kati ya hapo na saa sita mchana, Kijiko alikwenda kumtazama mara kumi na moja. Mwandishi alihesabu. Mara ya nane alimsihi, mara ya tisa alimtisha kumfanya soseji. Saa nane na nusu jike akasimama kwa kuyumba, akanywa maji, akajilaza tena. Kijiko alimtukana kwa furaha mpaka Redio akapaza sauti kuuliza kuna nini.

Daktari alikuwa ameonya kwamba kusimama siyo kupona. Lakini alisimama.

Saa kumi jioni Kijiko ameoga ndoo zake mbili, amevaa gauni aliloanika mbali na mabanda, yuko kwenye njia ya kwenda kwa bintiye, anatembea haraka kuliko mwandishi aliye nusu ya umri wake. Huko kuna utaratibu. Yeye anakaa kwenye benchi nje. Binti anasimama mlangoni na mtoto. Wanaongea hivyo hivyo kwa mbali, robo saa, nusu saa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mshono?"

"Umefunga kabisa. Jana nimekalia cherehani saa mbili."

"Usijichoshe. Na huyu bwana mkubwa?"

Bwana mkubwa anarusha mikono hewani na kutoa sauti ya kudai. Binti anamtazama mtoto, anamtazama mama. Kisha anavuka kizingiti, anashuka ngazi mbili za saruji, anakuja mpaka mbele ya benchi na kumnyooshea mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mshike, mama."

Kijiko anaruka kutoka kwenye benchi. Anarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta, mikono ameificha nyuma.

"Alhamisi," anasema.

"Mimi ndiye niliyetaka karatasi, na mimi ndiye ninayesema mshike. Muuguzi mwenyewe aliniambia tangu mwanzo, akinawa na kubadili nguo hakuna neno. Umeoga, nywele zako bado zina maji."

"Nimeoga, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa hata siku zile za mshono nilikuwa nimenawa, mwanangu. Kila siku. Kwa sabuni."

Machozi yanamtoka Kijiko na hawezi kuyafuta, kwa sababu hataki kuitoa mikono. Binti anakaa kwenye benchi, anamgeuza mtoto amwelekee bibi yake, na mtoto anacheka kwa meno yake mawili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mwanamke huyu amesimama bila kutikisika.

Mwandishi anamuuliza atafanya nini karatasi ikitoka safi. Atamdai Tajiri banda la pili, anasema, halafu la kwanza. Na isipotoka safi? Ataanza upya, siku tano, puani na mwilini, mara nyingi kadiri itakavyotakiwa.

"Alhamisi twende wote," binti anasema. "Nitakuwa nimemshika mimi. Ukiwa msafi, unampokea pale pale dirishani."

"Na nisipokuwa?"

"Utatuona tu, mama. Tutakuwa tumesimama hapo."

Kijiko anakubali kwa kichwa, mikono ikiwa bado mgongoni.