Siku Niliyobandua Jina Letu Kwenye Ndege

Nikipita mbele ya parokia yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, akina mama wa kwaya bado wanakohoa kidogo na kutazama pembeni, na mimi najua wanakumbuka nini, maana walikuwepo, wamevaa sare, wakinitazama nimesimama juu ya ngazi na viatu vyangu virefu nikikwaruza ubavu wa ndege kwa kucha. Aibu nyingine mtu huzizoea. Hii sijaizoea, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine (wanaoongeza chumvi, ingawa haihitaji).

Nilikuwa msemaji wa kampuni ya ndege, kampuni ndogo, ndogo kweli, yenye ndege moja tu iliyokwenda Pweto na Moba na kurudi, na ndege yenyewe ilizeeka hadi abiria wa kila mara walijua kiti kipi kimevunjika mgongo. Kila ukaguzi mkubwa ulikula zaidi ya kile ilichoingiza. Kununua mpya hatukuweza. Benki walitusikiliza kwa adabu wakatusindikiza mlangoni. Ndipo DG wetu, yaani mkurugenzi mkuu, na Monsieur Ilunga, mkuu wa fedha, wakapanga hivi: tukodi ndege nyingine, iliyotumika lakini yenye nguvu bado, kwa kampuni ya ng'ambo inayoishi kwa kukodisha ndege. Hao walitaka dhamana kabla hatujaigusa, na dhamana ingetoka kwa ile yetu ya zamani, kwa kuuza injini na vipuri vyake. Monsieur Ilunga alisema ndege ikizeeka thamani yake haiko angani tena, iko tumboni. Basi mafundi wakazing'oa injini zimsubiri mnunuzi, na ndege yetu ikabaki pale uwanja wa ndege wa Luano kama kuku aliyenyonyolewa.

DG akaniita ofisini. "Nadine, usiambie bantu kintu. Ndeke ifike kwanza, tusaini, njo utangaze."

Nikaitika, oui patron, nisimwambie mtu hadi tusaini.

Jioni hiyo akanipigia simu Noko Mwansa, kaka wa mama yangu, aliyenilipia shule tangu baba afariki. Yeye anaishi Pweto, ana sukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimeanza kunuka, na daktari wa kule alimwambia aje Lubumbashi upesi, kwa lori au kwa chochote.

"Mwipwa, kuko camion moja inatoka kesho. Nipande?"

"Apana, noko! Na mvua hii? Ungojee. Ndeke mupya inakuya juma hili."

"Weye unajua kweli?"

"Noko, miye njo natumika kazi mule!"

Neno hilo, "mpya", lilinitoka kinywani tamu sana, nikaona ni dhambi kulificha, na asubuhi nikaenda redioni nikalisema tena, ndege mpya, na mtangazaji akalirudia akaongeza "kabisa", na mchana mkuu wa komini, yaani wa wilaya yetu ya mjini, akapiga simu kuuliza sherehe ni saa ngapi (sherehe gani? sikuwa na sherehe, lakini ningemjibuje?), nikamtajia saa, na ukiwa na mkuu unahitaji kwaya, na ukiwa na kwaya unahitaji televisheni, na televisheni ikija itapiga picha ya nini kama ndege haina jina letu? Nikaagiza jina la kubandika, herufi nyekundu, refu kuliko kitanda changu. Nilipomweleza DG, alisema tu, "Umesha kusema?" Naye hakuwa na ujasiri wa kurudisha maneno nyuma.

Siku yenyewe ndege ikatua vizuri, nyeupe tupu. Kwaya ikaimba. Abiria wa safari ya kwanza walikuwa wameshafika na mizigo yao, kuku, magodoro, mtoto mmoja mgonjwa amefungwa mgongoni. Mimi sikungoja mtu. Niliwaambia vijana wa uwanjani wabandike jina, wakabandika, watu wakashangilia, na kamera ikawa juu yangu.

Kutoka ndani ya ndege akashuka mama mmoja mfupi wa ile kampuni ya kukodisha, akaongea na Monsieur Ilunga kwa Kifaransa, polepole. Nilimwona Monsieur Ilunga akivua miwani. Asubuhi hiyohiyo mnunuzi wa injini zetu alikuwa ameingiza kamera yake ya ukaguzi ndani ya injini, akakuta mapanga yake yanayozunguka yamepasuka, akajitoa. Hakuna mauzo, hakuna dhamana. Hakuna dhamana, hakuna ndege.

Yule mama akageuka, akaona herufi nyekundu. "Nani alibandika hiki?"

Watu wote walinitazama mimi tu.

"Kitoke kabla hatujaruka," akasema.

Vijana walikuwa wameshatoweka. Nikapanda ngazi. Gundi ile nilikuwa nimeichagua mwenyewe, kali, isije ikabanduka angani. Kwaya ilinyamaza sauti moja moja, wa mwisho akabaki anaimba peke yake hadi jirani yake akamgusa. Kucha mbili zilivunjika. Chini, mama wa yule mtoto akaniuliza bila hasira, "Mama Nadine, na shiye abiria?" Nilibandua hadi herufi ya mwisho, ndege ikawasha injini, ikaondoka na kutuachia vumbi na ule mzoga wetu usio na injini.

Televisheni walirusha yote.

Noko alipanda lori siku iliyofuata. Mvua iliwakwamisha barabarani, na walipofika Kasomeno, bado njiani, hakuweza tena kukanyaga. Hapa mjini daktari aliugusa mguu, akavua glavu, akatuambia ukatwe chini ya goti. Nilikaa kando ya kitanda, mimi msemaji, nikimrekebishia shuka. Yeye ndiye aliyesema: "Camion ya kwanza ile nilikuuliza, iliingia muzuri. Banasema haikukwama hata kidogo." Kisha akaomba maji. Hakunilaumu kwa neno lingine, siku ile wala baadaye, na anaishi kwangu sasa.

Kampuni ilifungwa. Mafundi wametawanyika, mmoja anatengeneza pikipiki.

Mimi nafanya kazi kwenye depo, ghala la saruji, huko Naviundu. Wateja wakiniuliza kama mzigo utaingia kesho, nawajibu sijui. Patron wangu mpya anachukia jibu hilo, anasema nafukuza watu, niseme hata "labda". Sisemi. Mzigo ukishashushwa chini, nikiuona kwa macho yangu na kuushika kwa mkono, hapo ndipo nafungua kinywa.