Sweta yenye kifungo cheupe

Jumamosi nilikuwa Buterere, ambako sendika, yaani chama cha mafundi cherehani, na shirika la hisani la mtaani waliwagawia waliopatwa na mafuriko nguo zilizochangwa na wanachama. Mama mmoja, fundi vilevile, alipewa sweta ya mtoto. Akagusa kifungo kimoja cheupe katikati ya vyeusi, akairudisha.

“Mupatie mutoto mwingine.”

Mwanamume kwenye foleni akanung'unika kwamba siku hizi maskini wanachagua.

“We hauko na mutoto, mama?” mgawaji akauliza.

“Nilikuwa naye. Hii ilikuwa yake. Mi mwenyewe niliitoa kwa sendika, mbele ya maji kuingia kwetu.”

Baadaye, kwenye hotuba, tuliambiwa msaada umewafikia wenyewe. Sweta ile nayo ilirudi kwao, ila mwenyewe hakuwepo.