Gasketi Iliyoungua Njia ya Butiama

Mke wangu alifariki Jumatano katika hospitali ya Musoma. Alhamisi, tukimrudisha nyumbani upande wa Butiama, gari liliunguza gasketi. Moshi mweupe ulitoka nyuma kama wa jiko la kuni mbichi, nguvu zikaisha kwenye mwinuko wa mwisho, na wanaume waliokaa kando ya jeneza wakashuka kusukuma. Mimi nilishika usukani tu. Mke wangu aliingia nyumbani kwake akisukumwa na majirani. Gari tuliliacha pembeni mwa zizi, na hapo lilikaa miezi minne.

Lilikuwa pikapu kuukuu, nililolipata miaka ile ya shida, wakati sabuni ilipatikana kwa kujuana. Nililinunua kwa ajili ya kubeba pamba na mihogo. Lakini kijijini kwetu halikuwapo gari jingine, na mtu akifia hospitali ilikuwa lazima arudi kulala kwao. Basi walinijia. Maiti hatozwi nauli, hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Wenye msiba walitafuta petroli, mimi nikatoa gari. Na maiti alifunguliwa milango. Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikuwa yamekatazwa barabarani ili kuokoa petroli, lakini nikisema nakwenda kuchukua maiti, askari alinipisha. Petroli iliyokosekana wiki nzima ilionekana.

Mgonjwa hakuwa hivyo. Mgonjwa alilipa nauli, kwa hiyo alisubiri. Alisubiri kwanza aone kama dawa za mitishamba zitamsaidia, halafu akasubiri pamba iuzwe, halafu akasubiri kwa sababu aliona aibu kunisumbua. Wengi niliowabeba wakiwa wamekufa niliwahi kuwapita barabarani wakiwa hai, wamekaa nje ya nyumba zao na shuka mabegani. Walinipungia mkono, nami nikapunga, nikaenda zangu.

Baada ya mazishi ya mke wangu, majirani walikuja kuuliza habari za gari. Waliuliza kwa adabu, kwanza pole, halafu ng'ombe, halafu mvua, halafu gari. Niliwajibu kwamba spea hakuna. Zamani jibu hilo lilikuwa kweli. Kabla ya hapo gari lilikuwa limeunguza gasketi mara moja, na fundi wa Bunda aliitoa ile ile, akaifuta, akaipaka rangi ya fedha pande zote mbili na kuirudisha, maana mpya haikuwapo Bunda wala Musoma. Ikashika. Nyakati zile ukisema hakuna, watu waliitikia kwa kichwa. Neno hilo lilikuwa linampumzisha mtu.

Lakini sasa ilikuwa ruksa kuingiza bidhaa. Maduka yalikuwa yamejaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwenda kwa fundi mwezi wa kwanza wa msiba, kwa sababu watoto wangu walinisukuma. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akafungua injini na kunionyesha oili iliyochanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa. Alisema hedi, kile kifuniko cha injini, imepinda kidogo, itasawazishwa, na gasketi mpya ipo, lakini injini imechoka. Ningeweza kuliuza gari hivyo lilivyo, kwa mtu anayetaka magurudumu na bodi. Ama nilitengeneze.

Nilimuuliza nikilitengeneza litadumu muda gani.

"Mwaka. Au mwezi," alisema. "Mimi ni fundi, baba, si mganga."

Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Nilitaka libaki limekufa. Nilikuwa nimechoka kuamshwa, nimechoka na vilio vya nyuma yangu njia nzima, nimechoka kusafisha bodi kwa maji ya madumu kila nirudipo. Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo sikumwambia fundi wala watoto.

Siku ya kuondoa tanga, miezi ilipofika minne, alikuja shemeji yangu kutoka Makoko, dada mkubwa wa marehemu. Yeye huuza dagaa, na kila wiki hufika mnada wa Bunda. Watu walipokuwa wakila, jirani mmoja aliuliza tena habari za gari, nami nikasema tena kwamba spea hakuna. Shemeji aliendelea kula. Alingoja mpaka wengi wameondoka, akanifuata nilipokuwa naosha mikono.

"Shemeji, gasketi zimetundikwa pale Bunda kwenye misumari kama tambi za taa," alisema. "Nazipitaga kila wiki. Kwa nini unawadanganya watu?"

Nilimwambia nimechoka. Aliniangalia tu, akaendelea kusimama. Ndipo nikamwambia lile jingine.

Mdogo wake, mke wangu, aliposhikwa na homa ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilitaka kumpeleka Musoma, lakini gari lilikuwa limeanza kuchemsha, kila baada ya mwendo mfupi lilimaliza maji. Niliogopa litaharibika njiani. Niliona homa itashuka, kama zilivyoshuka nyingine. Yeye mwenyewe alisema tusubiri. Nilisubiri Jumatatu, nikasubiri Jumanne. Jumatano alfajiri alikuwa hanijui tena, nikampakia, na mchana akafa. Gari lenyewe lilifika hospitali bila shida yoyote.

"Nililihurumia gari," nilisema.

Shemeji alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa. Alivuta kanga yake, akaifunga upya, akaifungua. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari.

"Jumatatu mdogo wangu alimtuma mtu kwangu Makoko," alisema baadaye. "Aliniambia anaumwa, lakini nisije kukuharakisha, gari lako bovu. Nami nikasema basi, niuze kwanza mzigo."

Kuku walikuwa wanadonoa ugali uliodondoka chini. Halafu akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Jumatatu ile, shemeji, wangekuja kukwambia jirani amefia hospitali, ungesubiri?"

Sikuhitaji kufikiri. Nisingesubiri. Ningejaza madumu ya maji, ningekwenda huku nikisimama kila baada ya maili chache, na ningefika. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi kwa watu ambao kuchelewa hakuwadhuru tena.

"Nisingesubiri," nilimwambia.

"Basi usilitupe gari. Badilisha abiria."

Nilikwenda Bunda wiki ile. Fundi alishangaa, maana alishanitafutia mnunuzi. Kazi ilichukua siku tatu. Gasketi mpya ilikuwa nyepesi, ningeweza kuibeba kwa kidole kimoja, na nilisikia aibu kwamba kitu chenyewe ndicho hiki. Fundi alinionya nisibebe mizigo mizito. Nilimwambia kuanzia sasa nitabeba mtu mmoja mmoja.

Kisha niliwaambia majirani ukweli. Nilipita nyumba kwa nyumba, kwa sababu sijui kuhutubia. Nilisema gasketi ilikuwapo siku zote, mimi ndiye sikutaka. Nilisema mgonjwa atachukuliwa kama maiti alivyochukuliwa, bila nauli, watafute petroli tu, na kama hawana waje tuzungumze, lakini waje mapema. Maiti nitambeba nikiweza; anayepumua ndiye wa kwanza. Wengine walinishukuru. Mama mmoja alisema nawaitia watu ugonjwa. Wengine walikasirika kuhusu ule uongo, na walikuwa na haki.

Mwezi mzima hakuja mtu. Nilidhani nimeharibu.

Halafu vijana wa mzee mmoja wa jirani walikuja asubuhi. Baba yao alikuwa na uvimbe tumboni, na kwa siku tano alikuwa hali kitu. Niliegesha gari mlangoni kwake, wakalaza godoro nyuma, wakamtoa wamemshika makwapa. Alipoona godoro alikaza miguu.

"Huko nyuma sipandi," alisema. "Huko mnatupandishaga tukiwa tumelala. Mimi sijalala."

Wanawe walimbembeleza. Akasema wao wapande huko wenyewe, kama wanapapenda sana. Basi tulimkalisha mbele kwangu, na vijana wakakaa juu ya godoro la baba yao. Njia nzima alilalamika: kiti kina springi inayochoma, gari linanuka oili, naendesha kama nabeba mayai. Nilimwacha aseme. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kuzungumza ndani ya gari lile.

Tulipokaribia mjini Musoma niliona watu wa kandokando wanafanya walivyofanya siku zote wakiliona: waliacha mazungumzo, wanaume wakavua kofia, wakachungulia nyuma kutafuta jeneza. Mzee naye aliwaona. Alifungua kioo, akatoa mkono nje mpaka begani.

"Tupitie sokoni kwanza," alisema.

Nilimwambia hospitali haiko upande wa sokoni.

"Najua. Pale sokoni nina watu wanaonifahamu. Nenda polepole, niwasalimie."

Nilikata kona kuelekea sokoni, nikapunguza mwendo.