Mapafu ya Mbwa Mwitu

Bwana mifugo wa Newala hakuwa na ng'ombe wengi wa kutibu, maana mbung'o walikwisha kuwamaliza. Kwa hiyo alipoingia maabara yetu, katika hospitali ya misheni upande wa Masasi, amebeba ndoo yenye mfuniko na uso umemchangamka, nilijua leo amepata kazi.

Ndani ya ndoo mlikuwa na mapafu ya mbwa mwitu. Mnyama huyo alikutwa amekufa kando ya chemchemi, chini ya mteremko, mahali walipochota maji kina mama wa kijiji kimoja cha ujamaa. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya Ruvuma, na watu walisema ndege za Wareno zimetia sumu majini. Kina mama wakaikimbia ile chemchemi, wakawa wanateremka hadi nyingine ya mbali.

Nilimwambia kazi yangu ni makohozi na damu za watu. Akanijibu kwamba hadubini haiulizi kabila. Nikacheka, nikavaa glovu.

Mapafu yalijaa vinundu vigumu, kimoja kikubwa kama bibo la mkorosho. Nilidhani ni kifua kikuu. Nikakwangua, nikapaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikatafuta vijidudu hadi shingo ikauma. Sikuona kitu. Nikajaribu rangi tuliyotumia kwa malaria, na hapo nikaona seli zilizorundikana ovyo, viini vyake vikubwa kupita kiasi. Nikamwita daktari. Aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Hii ni saratani," alisema. "Kwa mbwa mwitu sijapata hata kuisikia."

Tulipeleka kipande Dar es Salaam, na wataalamu wa huko wakakubaliana na daktari: uvimbe ulianzia mlemle mapafuni. Bwana mifugo alifurahi mno, kisha akaona haya kufurahia ugonjwa.

Tukaenda naye kijijini. Alieleza kwa kirefu, pale pale chemchemini, mpaka bibi mmoja ambaye mumewe alikuwa akivuta tumbaku na kukohoa kila siku akamkatiza.

"Kwani mbwa mwitu naye anavuta tumbaku?"

"Havuti, bibi," nikasema. "Ugonjwa umempata tu. Si maji."

Alinitazama, akachota kwa kata, akanywa, akanipa na mimi. Nikanywa. Kina mama wakaanza kujaza ndoo zao, na moja wakanitwika mimi. Nilifika juu nimelowa nusu, nao wananicheka njia nzima.