Asali ya Jirani na Kizio Nilichokisahau

Wiki iliyopita, nikisahihisha madaftari hapa Manundu, nilikuta mwanafunzi kaandika: densiti ya asali ni 1.4. Basi. Kizio hakuna. Nikaiweka kalamu chini. Rafiki yangu msomaji, namba hiyo naijua. Niliwahi kuiandika hivyo hivyo, nikamharibia mtu.

Nilikuwa darasa la saba, nikiishi na bibi kule Kwaluguru. Jirani yetu alikuwa mzee wa mizinga. Akirudi porini, harufu ya moshi na nta ilimtangulia uani, nasi wasichana tukaacha michi ili tupewe masega tutafune. Asali aliipima kwa njiti ya kiberiti: anaichovya, anaifuta kidogo, anaiwasha. Ikiwaka, haina maji. "Nyuki wa huyu hawana uongo," bibi alizoea kusema.

Mimi na kiherehere changu nikasema hiyo si sayansi. Mwalimu alikuwa ametufundisha densiti, tungamo gawanya kwa ujazo, na ubaoni akaandika maji 1000, asali 1400. Nikachukua chupa ya nusu lita ya asali ya jirani, mbio hadi mizani ya dukani. Nikitoa uzito wa chupa, zikabaki gramu 700. Nikagawanya kwa 500. Moja nukta nne! Nikatangaza mbele ya kina mama waliokuja kununua: "Asali hii haifiki hata maji!"

Mzee akawasha njiti, ikawaka. Nani aliangalia? Mtoto wa shule ameshasema, na daftari hili hapa. Wakaondoka na chupa zao tupu. Habari ikasambaa kwamba asali yake ina maji, hata wachuuzi wa Korogwe wakaacha kuja.

Jumatatu nikampelekea mwalimu hesabu yangu kwa majivuno. "Vizio viko wapi?" akafoka. "Yako ni gramu kwa sentimita ya ujazo. Ya ubaoni ni kilogramu kwa mita ya ujazo. Ni kitu kilekile, we mtoto!"

Basi nilijua tangu siku ile, nikanyamaza. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Woga tu! Nikawa napita nyuma ya nyumba ya mzee mpaka nilipokwenda sekondari. Na yeye, akinisikia nakohoa, alimletea bibi asali ya kunilambisha.

Basi Jumamosi iliyopita, baada ya daftari lile, nikaenda Kwaluguru kuungama. Nikamkuta mkewe peke yake, mzee walishamzika. Miti ya mizinga imeishia kwenye mkaa, na uani hakuna tena ile harufu ya nta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wetu."

Nikamweleza yote, nikilia.

"Kumbe," akasema. "Mwenzangu hakukulaumu hata siku moja. Alisema mtoto amesoma, hawezi kukosea. Kila msimu akahamisha mizinga, huku na kule, akitafuta maji yanaingilia wapi. Njiti inawaka, haiamini tena. Mpaka anakufa, alijua waliokosea ni nyuki wake."